Ndege wa parseli: namna ya kuchagua nani aje kula kwako

Hapa Kindu watu wachache sana wanatundika chakula cha ndege kwenye mti, kama wanavyofanya watu wa Uingereza ao Marekani. Lakini karibu kila parseli ya Kasuku, ya Mikelenge na ya Alunguli inalisha ndege kila siku, mwenyewe apende asipende. Mpunga ulioanikwa juu ya bashi, pumba za kuku, papai lililoiva juu ya mti, ngazi za mawese, matumbo ya samaki yaliyotupwa nyuma ya jikoni: hiyo yote kwa ndege ni meza iliyotandikwa. Ndege watakuja tu. Kinachobaki mikononi mwako ni kuchagua ndege gani waje, waje saa gani, na wachukue kiasi gani.

Mambo hii si ya kuchekea. Kwa mama anayeuza mchele sokoni, beseni moja la mpunga lililoliwa ni pesa ya chumvi, ya sabuni, ao ya minervali ya mtoto. Kwa mfugaji mdogo, vifaranga sita vilivyobebwa na mwewe ni kuku sita wa sikukuu ambao hatawaona. Na kuna wale ambao, wakichoka, wanatia sumu. Ndiyo sababu tumekusanya hapa mambo ya kujua juu ya ndege wa kwetu, na njia ambazo kila nyumba inaweza kujaribu bila feza nyingi.

Mpunga ulikuja, na ndege wakakaa

Maniema ni jimbo la mpunga tangu karne ya 19. Wafanyabiashara waliotoka pwani na Zanzibar ndio walioleta kilimo chake huku, pamoja na Kiswahili chetu. Livingstone alipofika Nyangwe mwaka wa 1871 alikuta soko kubwa kando ya Lualaba, na Kasongo ya Tippu Tip ilizungukwa na mashamba. Baadaye Wabelgiji nao wakasukuma walimaji kulima mpunga.

Pahali penye mpunga, ndege wanaokula mbegu wanapata mambo mawili wanayoyapenda: chakula kingi, na pori lililofunguliwa. Ndege wengi wa parseli zetu si ndege wa msitu mnene. Ni ndege wa majani, wa mashamba na wa vijiji. Tunavyokata msitu na kupanda, tunawatengenezea makao. Basi tusishangae kwamba wanatufuata mpaka mlangoni.

Wajue wageni wako

Kabla ya kufukuza, tazama kwanza. Kaa siku mbili ao tatu, uangalie nani anakuja na anakula nini. Wengi tunawaita wote "ndege" tu, lakini kazi yao si moja.

Mnana. Huyu ndiye yule wa manjano mwenye kichwa cheusi, anayefuma viota vya kuning'inia kwenye mngazi. Dume anafuma, halafu ananing'inia chini ya kiota akipiga mabawa ili jike aje kukagua. Jike akikikataa, dume mara nyingi anakivunja na kuanza upya. Mara nyingi utaona pamoja nao wengine weusi kabisa, wenye macho ya manjano. Hao ni ndugu zao. Wote wanakula mbegu, lakini watoto wao wanawalisha sana wadudu.

Videge vidogo vya mdomo mfupi na mnene. Vina mgongo wa kahawia ao mweusi na tumbo jeupe, na vinatembea kwa vikundi. Hivi ndivyo vinavyoshuka kwenye mpunga shambani wakati mbegu ingali na maziwa. Juu ya bashi pia vinakuja, lakini hofu yao ni kubwa. Mtu akipita tu, vyote vinaruka.

Shomoro. Ana kichwa cha kijivu na mgongo wa kahawia. Analala chini ya mabati yetu, anaokota makombo. Hasara yake ni ndogo.

Njiwa wa pori. Wanaokota chini, polepole, lakini tumbo lao ni kubwa kuliko la shomoro. Njiwa wanne wakikaa saa nzima juu ya mpunga, utaona pengo.

Kunguru mwenye kifua cheupe. Huyu anafuata takataka. Akikosa takataka, anaangalia mayai na vifaranga.

Mwewe. Hataki mpunga wala papai. Anataka kifaranga, panya, ao kipande cha nyama kwenye sahani yako.

Halafu kuna wale ambao hawakudai kitu. Yule mweusi na mweupe anayetikisa mkia kando ya maji anakula nzi na wadudu wengine. Mbayuwayu wanakamata wadudu wakiruka. Chozi, yule mdogo mwenye mdomo uliopinda, anatafuta asali ya maua na buibui wadogo. Hao ukiwafukuza, umejifukuzia wafanyakazi wa bure.

Na bundi? Wengi wetu tunamwogopa, tunasema ni ndege ya wachawi, tunamrushia mawe. Lakini yule bundi mweupe wa kwenye dari za zamani na makanisa, chakula chake kikubwa ni panya. Panya ndiye anayekula mpunga wako ghalani usiku, wakati ndege wote wamelala. Mwenye ghala akiua bundi, amemsaidia panya.

Mambo manne yanayoamua nani anakuja

Watu wanaolisha ndege kwa kupenda, kule Ulaya na Marekani, wamejifunza kitu ambacho kinatufaa sisi tunaowalisha bila kupenda. Ndege hachagui nyumba ovyo. Anaangalia mambo manne.

La kwanza ni chakula gani. Mbegu ndogo zinaita ndege wadogo wa mdomo mnene. Mabaki ya nyama na samaki yanaita kunguru na mwewe. Matunda na maua yanaita wengine kabisa. Ukibadilisha kinacholala uani, utabadilisha wageni.

La pili ni pahali gani. Chakula kilichotawanyika chini kinaita njiwa na shomoro. Chakula kilicho karibu na kichaka kinaita wale waoga, kwa sababu wanaweza kukimbilia. Chakula katikati ya kiwanja kitupu kinawapa nafasi wenye nguvu.

La tatu ni saa gani. Ndege wanakula sana asubuhi mapema, juu ya njaa ya usiku, na tena jioni kabla ya kulala. Katikati ya mchana, jua likiwa kali, wengi wanapumzika kivulini.

La ine ni nani mwingine yuko. Mahali mbwa ao mtu anapopita kila dakika, wachache watashuka. Hata kati ya ndege wenyewe kuna wakorofi. Kuna mmoja mdogo mweusi na mweupe, mdomo mwekundu, mkia mrefu kuliko mwili: dume wake anaweza kukaa juu ya chakula na kufukuza wengine wote siku nzima.

Mpunga juu ya bashi

Kwa wakaaji wengi wa Kindu, shida kubwa iko hapa. Mpunga unaokauka vibaya unaoza ao unavunjika kinuni, basi hatuwezi kuuficha ndani. Lakini tunaweza kupunguza muda unaokaa wazi.

Tandaza mpunga unene wa sentimita 2 hadi 4, usizidi. Geuza kila nusu saa. Kugeuza huko kunafanya kazi mbili: mpunga unakauka sawa, na mtu anaonekana mara kwa mara juu ya bashi. Mbegu ikifika unyevu wa karibu asilimia 14, iko tayari kuwekwa. Mtu asiye na mashine anauma mbegu kwa jino: ikikatika kwa mlio, imekauka, ikibonyea, bado.

Usitandaze alfajiri. Ngoja saa tatu ya asubuhi, umande umekwisha na ndege wengi wamekwisha kula kwingine. Kusanya kabla ya saa kumi, kwa sababu ile njaa ya jioni ndiyo mbaya. Bashi liweke karibu na nyumba, mbali na kichaka na mngazi wenye viota.

Ukiwa na wavu wa kuvulia wa zamani, unyooshe juu ya vijiti vinne, urefu wa magoti, pembeni ushuke mpaka chini. Usiutupe tu juu ya mpunga, ndege watachokoa kupitia matundu ao watanaswa miguu. Mustikeri yenye dawa usiitumie hata kidogo: dawa ile ilitiwa kwa kuua mbu, haikutiwa kwa kugusa chakula.

Vitu vya kutisha vinasaidia, lakini kwa siku chache. Utepe wa kaseti unaolia kwa upepo, sahani za CD zinazong'aa, nguo iliyovikwa kijiti: ndege wanaogopa siku mbili tatu, halafu wanazoea, na mwisho wanatua juu ya sanamu yako. Siri ni kubadilisha kitu na kubadilisha pahali.

Na hapa tuseme neno juu ya watoto. Walimaji wa Tanzania wana neno zuri, kuamia, maana yake kulinda shamba dhidi ya ndege. Huku kwetu kazi hiyo mara nyingi inaangukia mtoto, na wakati wa mpunga kuiva kuna viti vitupu darasani. Jirani wakipatana kupanda kwa wakati mmoja, mashamba yanaiva pamoja, ndege wanagawanyika, na watu wazima wanaweza kulinda kwa zamu. Shamba moja linaloiva peke yake, mbele ya mengine, linakuwa hoteli ya ndege wote.

Vifaranga na mwewe

Mwewe anahitaji nafasi ya kushuka na nafasi ya kupanda. Parseli iliyofagiliwa vizuri, bila kichaka, kwake ni uwanja wa ndege. Dawa yake ni kumharibia njia. Panda mihogo, migomba ao matembele upande mmoja, vifaranga wapate pa kujificha. Funga kamba chache kutoka paa mpaka mti, zipishane juu ya pahali kuku wanapokula, na uzifunge vitambaa vyeupe.

Wiki nne za kwanza ndizo za hatari zaidi. Weka mama na vifaranga chini ya tenga kubwa ao ndani ya banda la mianzi saa za asubuhi na alasiri. Walishe humo humo. Pumba ukizimwaga katikati ya kiwanja, umewaita vifaranga mahali mwewe anapowaona vizuri.

Kwa kunguru, anza na jalala. Matumbo ya samaki na ya kuku yafukie siku ile ile. Kunguru akikosa takataka wiki mbili, ataanza kutafuta parseli nyingine. Hapa avenyu nzima inapaswa kusikilizana, la sivyo unamhamishia jirani tu, na kesho anarudi.

Viota kwenye mngazi

Mnana anachana majani ya mngazi kupata nyuzi za kufuma. Wakiwa wengi, mti unabaki vijiti. Ukitaka wahame, fanya mapema: angusha viota vikiwa bado pete za kijani, kabla jike hajaingia. Rudia kila siku mbili. Kiota kikishakuwa na watoto, kiache mpaka wamalize. Kumbuka kwamba siku zile wanaolisha watoto wanakamata wadudu wengi kwenye bustani zako za lengalenga na sombe.

Ukiwa na mti mmoja mbali na bashi, waachie huo. Ndege wa kufuma wanapenda kurudi pahali palepale, na mti waliouzoea unawatoa kwenye ule usioutaka.

Sumu: hapana

Kuna wanaochanganya dawa ya mashamba na mchele na kuutawanya. Tunajua juu ya nini: mtu amechoka, na dawa inauzwa kwa kikombe sokoni. Lakini sumu haichagui. Inaua kuku wa jirani, inaua paka, inaua bundi aliyekula panya aliyekula mchele ule. Na inafika kwenye sahani. Kule Bunyala, magharibi mwa Kenya, watu walitega ndege kwa dawa ya karbofurani ndani ya mashamba ya mpunga na kuwauza kama nyama. Aliyenunua hakuona rangi wala harufu yoyote.

Hata serikali zinazotumia dawa kwa wingi hazikumaliza vita. Tanzania na Kenya zinapambana na kwelea, ndege wanaokuja kwa mamilioni, kila mmoja akila karibu gramu 10 za mbegu kwa siku. Ndege za serikali zinamwaga fenthion, na msimu mwingine kwelea wanarudi. Huku kwetu Kindu hatuna makundi ya namna ile, basi hatuna hata sababu ya kuanza.

Historia ina fundisho lingine. Mwaka wa 1958 China iliamuru raia wote waue shomoro, kwa sababu wanakula nafaka. Wakawapigia sufuria mpaka ndege wakaanguka kwa kuchoka. Wadudu ambao shomoro walikuwa wanakula wakazidi mashambani, na mwaka wa 1960 amri ile ikaondolewa.

Kasuku si mgeni wa kukamata

Komini yetu moja ina jina lake, lakini mtoto wa Kindu leo anamwona kasuku zaidi ndani ya kasha kuliko juu ya mti. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu anapenda ngazi. Akitua kwenye mngazi wako, anakula chache na kwenda zake.

Maniema inajulikana mbali kwa biashara ya ndege huyu. Wanakamatwa kwa ulimbo, mara nyingi kwa kumtumia kasuku mmoja aliyefungwa ili aite wenzake, na wengi wanakufa njiani kabla ya kufika soko. Mwaka wa 2016, katika mkutano wa CITES kule Johannesburg, mataifa yalimpandisha kasuku huyu kwenye orodha ya kwanza, ile inayokataza biashara ya kimataifa ya wanyama waliotolewa porini. Mwaka ule ule Hifadhi ya Taifa ya Lomami, iliyo kati ya Maniema na Tshopo, ilipata rasmi hadhi yake. Nchini Ghana, watafiti waliona kwamba tangu 1992 kasuku wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99. Kasuku anataga mayai machache, na anahitaji shimo la mti mkubwa. Ukitoa makundi mawili matatu mwituni, hawarudi haraka kama mnana.

Basi akija kwako, mwache ale. Mtu akikuomba umwoneshe mti wanapolala, ujue anatafuta nini.

Ukitaka kuwalisha kwa kupenda

Kuna watu wanaopenda tu kuwaangalia, wazee hasa, na watoto. Si vibaya, ila kwa utaratibu.

Anza na maji. Sahani pana ya udongo, kina cha vidole viwili, kivulini, na maji mapya kila asubuhi. Maji yanaita hata wale wasiokula mbegu. Acha papai moja ao mawili juu ya mti. Panda hibiskusi kando ya ukuta, chozi atakuja mwenyewe.

Ukitaka kutoa mbegu, toa chenga za mchele, ukono mmoja tu, juu ya ubao ulio kwenye mlingoti wa mita moja na nusu. Zungusha kipande cha bati kwenye mlingoti ili panya na paka wasipande. Ubao uwe mbali na bashi la mpunga. Usidanganyike kwamba ukiwapa huku wataacha kule; chakula kingi kinaongeza ndege. Yule mkorofi wa mkia mrefu akishika ubao, weka wa pili upande mwingine wa nyumba asikoweza kuona. Hawezi kulinda vyote viwili.

Ondoa mabaki kabla ya jioni, na osha ubao kila wiki. Uingereza, tangu 2005, ugonjwa unaoenea kwenye maji na chakula cha ndege umepunguza sana aina moja ya ndege wa kijani waliokuwa wengi bustanini. Marekani, mwaka wa 2021, watu waliugua salmonela iliyotokana na ndege wa porini, na wakubwa wa afya wakaomba raia waoshe vyombo vya kulishia. Chakula kilichorundikana siku nyingi ni pahali pa kugawana magonjwa.

Huku kwetu hatari ya kwanza ni kwa kuku. Ndege wa porini na kuku wasinywe chombo kimoja. Ugonjwa wa Newcastle, ule unaomaliza kuku wa avenyu nzima kwa siku chache, una chanjo ya tone la jicho inayorudiwa kila miezi 3 hadi 4. Mwulize veterineri, na mjipange majirani kadhaa, kwa sababu chupa moja inatosha kuku wengi. Ukiokota ndege aliyekufa, tumia mfuko mkononi, mfukie, nawa kwa sabuni. Ukiona wengi wamekufa pamoja, usile, usiuze, pasha habari veterineri wa komini.

Kwa ufupi

Tandaza mpunga saa tatu, kusanya kabla ya saa kumi, na uugeuze mara kwa mara.
Badilisha vitisho kila siku mbili ao tatu.
Fukia matumbo ya samaki na ya kuku siku ile ile.
Vifaranga wakae chini ya tenga wiki nne za kwanza.
Viota uviangushe vikiwa bado pete, si vikiwa na watoto.
Sumu isiingie parseli.
Bundi na kasuku waachwe.
Maji ya ndege na maji ya kuku yasichanganyike.

Jaribu jambo moja kwanza, uone wiki mbili, halafu uongeze lingine. Ukifanya yote siku moja, hutajua ni lipi lililokusaidia.